Mashine mbili ndani ya boksi moja, shida iko kwenye mshono

Watu wengi wakisikia kuna mashine ya hospitali inayopiga picha za aina mbili kwa mkupuo wanaichukulia kama simu ya kitochi, yaani ina tochi, ina redio, ina kalkuleta, kila kimoja kinafanya kazi yake na hakuna kinachomsumbua mwenzake. Ndo maana swali ninaloulizwa sana hapa Dodoma, na watu wenye akili zao kabisa, ni kwamba kama CT ipo, MRI ipo na PET ipo, kwa nini wasiziunganishe tukanunua moja tukamaliza. CT inapiga eksirei za vipande vipande vya mwili, MRI inatumia sumaku na mawimbi ya redio, na PET inanasa mionzi ya dawa aliyochomwa mgonjwa. Mimi kazi yangu ni ufundi wa vifaa tiba, nashinda nazo hizi mashine, na jibu langu linakuwa refu kila mara kwa sababu tochi ya simu haijali redio inashika stesheni gani, lakini sumaku ya MRI inaua kabisa ditekta, yaani kinasa mionzi, ya PET ya kizamani, na ditekta ya PET nayo ikiingia ndani ya MRI bila kinga inachafua picha mpaka haisomeki. Kuziunganisha hizi maana yake ni kusuluhisha ugomvi wa pale zinapokutana, kwenye mshono. Na msimamo wangu ni kwamba sisi wa kanda ya kati tukipewa nafasi ya kuchagua, tuchague muunganiko ambao mshono wake umeshakaa sawa, na ambao tuna uwezo wa kuulisha kila siku.

Kwanza niseme kwa nini muunganiko wenyewe una maana, maana kuna wanaosema ni anasa ya wazungu. Mwaka juzi nilimsindikiza mama mkubwa kwa daktari akiwa na bahasha mbili, moja ya CT aliyopiga hospitali moja, nyingine ya MRI aliyopiga kwingine wiki tatu baadaye. Kwenye ini kulikuwa na doa. Daktari akabandika filamu moja kwenye taa, nyingine akaishika mkononi akaelekea nayo dirishani, akawa anapima kwa kifuniko cha biki kutoka ukingo wa ini mpaka kwenye doa, anarudi kwenye taa anapima tena, havilingani, vimepishana kama sentimeta mbili hivi. Akamuuliza, "Mama, hapa ulibana pumzi?" Mama mkubwa akamwambia, "Ile ya kwanza nilibana kama walivyoniambia, ila hii ya pili mwanangu yalikuwa makelele matupu, sikusikia mtu akiongea." Basi ndo hivyo. Ini linapanda na kushuka na pumzi, mgonjwa kalala tofauti, kitanda tofauti, siku tofauti, na daktari mzima anabaki kukisia kama doa ni lilelile moja au ni mawili. Ilibidi arudie kipimo.

Kwa hiyo mgonjwa kulala mara moja, kitanda kimoja, picha mbili zikae juu ya nyingine bila kupishana, hiyo sio anasa. Swali ni unafikaje hapo.

Tuanze na PET maana ndo yenye habari. Mgonjwa anachomwa dawa ambayo ni sukari iliyofungiwa florini-18, yaani florini yenye mionzi, seli za kansa nyingi zinaila kwa pupa, florini inatoa positroni, chembe kama elektroni ila yenye chaji chanya, positroni ikikutana na elektroni zote mbili zinapotea na badala yake zinazaliwa fotoni mbili za gamma, yaani chembe mbili za mionzi, kila moja ina nguvu ya kiloelektronivolti 511, moja inakimbia huku na nyingine inakimbia kule upande wa pili, halafu pete ya ditekta iliyomzunguka mgonjwa ikizinasa zote mbili ndani ya nanosekunde chache kompyuta inachora mstari na kusema tukio limetokea mahali fulani humu. Ukikusanya mistari mamilioni unapata picha. Sasa tatizo ni kwamba mwili wenyewe unazila zile fotoni. Maji yenye unene wa sentimeta 7 hivi yanapunguza nusu yake. Mtu mwenye unene wa sentimeta 30, kati ya pea 100 zinazozaliwa kwenye mstari unaompita katikati, ni kama 6 tu ndo zinatoka nje zote mbili bila kuguswa, zingine zote zimemezwa au zimepindishwa njia. Kitu kizuri, na mimi bado kinanifurahisha kila nikikifikiria, ni kwamba haijalishi pea ilizaliwa katikati ya mwili au pembeni karibu na ngozi, jumla ya nyama ya kupita ni ileile, moja ikipita kidogo nyenzake inapita nyingi. Kwa hiyo ukijua kilichopo kwenye mstari mzima unaweza kurudisha hesabu ya zilizopotea kwa usahihi. Lakini lazima ukijue. Usipokijua, doa lililo ndani sana linaonekana hafifu na lililo karibu na ngozi linaonekana kali, na unamwambia mgonjwa habari ambayo siyo.

Hapo ndo CT inapoingia, na watu wengi hawajui hii, wanadhani CT iliwekwa kwenye PET ili tu kuonyesha mifupa na nyama iko wapi. Hiyo ni nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kutoa ramani ya kinachonyonya mionzi. Zamani mashine za PET zilikuwa na fimbo zenye mionzi zinazomzunguka mgonjwa kupata ramani hiyo, zinakula muda na ramani yenyewe ina mchanga mchanga, CT inaitoa chini ya dakika moja na ni safi. David Townsend na Ron Nutt ndo walisukuma wazo hili, mashine ya majaribio ikaanza kazi Chuo Kikuu cha Pittsburgh kule Marekani 1998, kufika 2001 zikawa zinauzwa, na miaka michache baadaye watengenezaji wakubwa wakaacha kabisa kutengeneza PET ya peke yake.

Ila ukiifungua ganda lake utaona hawakuchanganya chochote, waliweka CT mbele na PET nyuma, kama vyumba viwili vya nyumba ya kupanga vinavyotumia korido moja, na korido ni kitanda. Na kitanda hicho kilileta shida ambayo fundi yeyote aliyewahi kufunga ubao mrefu ukutani ataielewa. Kitanda kinatoka kama ulimi, kimeshikiliwa upande mmoja, mgonjwa wa kilo 100 akiwa juu yake kinapinda, na kwa sababu kinatoka zaidi kufika kwenye PET kuliko kwenye CT kinapinda zaidi kule, kwa hiyo mwili umeshuka milimita kadhaa kati ya picha ya kwanza na ya pili, na hapo hakuna aliyepumua wala kujigeuza. Dawa ikawa kusogeza kitanda chote pamoja na mguu wake badala ya kurefusha ulimi, ili kiasi cha kupinda kiwe kilekile popote mgonjwa alipo. Ni chuma na reli tu, lakini bila hiyo muunganiko wote ni bure.

Pumzi ndo imebaki ugomvi mpaka leo. CT inapiga kifua kwa sekunde chache, PET inakaa dakika mbili tatu kila eneo, mgonjwa anapumua muda wote, kwa hiyo CT ni picha ya pumzi moja na PET ni wastani wa pumzi nyingi. Mgonjwa akivuta pumzi sana wakati wa CT, ramani inasema hapa ni pafu, hewa tupu, kumbe wakati wa PET hapo palikuwa na ini, kompyuta inasahihisha kidogo kuliko inavyotakiwa na juu ya ini unapata ukanda uliofifia umepinda kama ndizi. Msomaji mzoefu anaujua, asiye mzoefu anaweza akauandikia ripoti. Kuna na ugomvi wa nguvu ya mionzi, maana eksirei ya CT wastani wake ni kama kiloelektronivolti 70 wakati gamma za PET ni 511, na mifupa inavyonyonya kwenye 70 sio inavyonyonya kwenye 511, kwa hiyo kuna fomula ya kubadilisha, fomula moja ya nyama nyingine ya mfupa. Sasa mgonjwa akiwa ametiwa dawa ya ayodini ya CT, au ana nyonga ya chuma, kompyuta inadhani huo ni mfupa mzito sana, inasahihisha kupita kiasi, na doa linang'aa ambapo hakuna kitu. Hizi zote zina njia za kuzikabili, zinafundishika, mtu wa radiolojia makini akikaa nazo miezi anazijua. Ndo ninachoita mshono uliokaa sawa.

MRI ni habari nyingine kabisa.

PET ya kizamani inapokea mwanga wa kristali zinazomemetuka zikigongwa na gamma, kwa tyubu ya kioo isiyo na hewa, ndani yake elektroni moja inagonga bamba zinatoka kadhaa, zinagonga bamba lingine zinatoka nyingi zaidi, mpaka mwisho unapata kama milioni. Elektroni zinazosafiri kwenye nafasi tupu ukizisogezea sumaku zinapinda njia, hizi tyubu hata sumaku ya dunia tu inazisumbua kiasi kwamba zinavikwa kinga ya chuma maalumu, sasa wewe unataka uziweke ndani ya MRI yenye sumaku ya tesla 3, ambayo ni zaidi ya mara 50,000 ya sumaku ya dunia. Hazifanyi kazi, hazibahatishi. Walijaribu kuupeleka mwanga nje kwa nyaya ndefu za fiba mpaka tyubu zilipo mbali na sumaku, ikawezekana kwa mashine ndogo za panya, lakini mwanga mwingi unapotea njiani. Kilichofungua mlango ni vipokea mwanga vya silikoni. Siemens walipotoa Biograph mMR 2010, ya kwanza ya mwili mzima kupiga PET na MRI kwa wakati mmoja, walitumia aina ya mwanzo ya silikoni ambayo sumaku haiisumbui ila inayumba na joto na haina kasi ya kupima tofauti ya muda wa fotoni mbili kufika. GE walipokuja na Signa PET/MR 2014 walikuwa na aina mpya yenye kukuza mara milioni na yenye kasi hiyo. Angalia miaka hapo, kutoka wazo mpaka mashine yenye kasi ni zaidi ya miongo miwili ya watu waliobobea, na nchi zenye pesa.

Na hapo umetatua upande mmoja tu wa ugomvi, MRI nayo ina malalamiko yake. MRI ni redio. Kwenye tesla 3 inasikiliza karibu megahezi 128, juu kidogo tu ya mkanda wa FM tunaosikilizia taarifa ya habari, inasikiliza mnong'ono mdogo mno kutoka kwenye maji ya mwili, ndo maana chumba chake kimezungushiwa shaba kila upande mpaka mlangoni. Sasa ndani ya chumba hicho, sentimeta chache kutoka kwenye mwili, unaweka maelfu ya ditekta zenye elektroniki zinazopiga kelele za redio. Unazifunika na shaba. Lakini koili za gradienti za MRI, zile za kutambua ishara imetoka wapi mwilini, zinawasha na kuzima sumaku maelfu ya mara, na shaba ikipitiwa na sumaku inayobadilika inazalisha mkondo wake wenyewe, inapata joto, inatikisika, na mkondo huo unaharibu picha ya MRI. Kinga nene inaharibu MRI, kinga nyembamba inaachia kelele. Halafu pete yote ya PET inakaa kwenye tundu, mgonjwa aliyekuwa na tundu la sentimeta 70 anabaki na 60, na mtu mnene au mwenye hofu ya kufungiwa ndo anayeumia.

Lakini hata hayo mi naona sio makubwa kama hili la ramani. Kumbuka PET lazima ijue kinachonyonya mionzi kwenye kila mstari. CT inapima hicho moja kwa moja, MRI haipimi hicho hata kidogo, inapima maji na mafuta na jinsi yanavyotulia baada ya kushtuliwa. Mfupa mgumu sauti yake inazima chini ya milisekunde moja, kabla MRI ya kawaida haijaanza kusikiliza, kwa hiyo mfupa unaonekana mweusi, na hewa nayo nyeusi. Mfupa ndo unaonyonya kuliko kitu chochote mwilini, hewa hainyonyi chochote, na kwenye MRI ni weusi uleule. Njia ya kwanza waliyotumia ni kuugawa mwili mafungu manne, hewa, pafu, mafuta, nyama, na mfupa wakauhesabu kama nyama. Kwa tumbo inavumilika. Kwa ubongo uliozungukwa na fuvu, au doa lililo kwenye nyonga, PET inasoma chini ya ukweli na hauoni kosa kwa macho, picha ni nzuri tu. Baadaye wakaja na vipimo vinavyosikiliza haraka sana kuwahi sauti ya mfupa, na sasa hivi wanazifundisha kompyuta kubuni CT kutoka kwenye MRI, zinafanya vizuri, ila zimefundishwa kwa wagonjwa fulani, na mgonjwa mwenye chuma au mfupa uliokatwa anaweza akaichanganya. Na zile koili za kupokea ishara ya MRI wanazomfunika mgonjwa kifuani zinanyonya gamma, MRI haizioni, na kila mgonjwa zinakaa tofauti.

Kwa upande wa kichwa niseme tu, kichwa ni kigumu hakipindi, picha za mashine mbili tofauti unaweza kuziweka pamoja kwa programu na zikakaa vizuri. Hakuna haja ya mashine ya kuungana kwa hilo, MRI za hapa zinatosha.

Sasa turudi nyumbani. Mashine ya kuungana inahitaji kulishwa dawa, na florini-18 inapungua nusu kila dakika 110. Hebu tuchukulie dawa imetengenezwa Dar es Salaam, imepimwa ubora, imepata vibali vyote vya Tume ya Nguvu za Atomiki, na tuseme imeruhusiwa kupanda treni ya SGR ambayo tangu 2024 inatufikisha kwa masaa matatu na nusu hivi. Ukipakia 100 pale stesheni Dar, ikishuka hapa Dodoma imebaki 27. Yaani robo tu, mgonjwa mmoja wa hapa analipiwa dozi za karibu wanne. Kwa gari barabarani masaa saba na nusu imebaki kama 6, na hapo hujakwama Morogoro wala Gairo. Treni ikichelewa saa moja mgonjwa aliyefunga kula tangu jana, aliyetoka Mpwapwa au Kondoa, anarudi nyumbani. Kuna dawa ya PET ya galiamu-68 inayotoka kwenye jenereta ndogo inayokaa karibu mwaka mzima hapohapo hospitalini, hiyo ni njia halali na kwa saratani ya tezi dume inafaa sana, ila haichukui nafasi ya sukari.

Teknishiamu-99m, dawa nyingine ya mionzi isiyo ya PET, ndo rafiki yetu. Inatoka kwenye jenereta ya molibdenamu, molibdenamu inapungua nusu kwa masaa 66, kwa hiyo jenereta inasafirishwa bila presha, inakaa wiki, na kila asubuhi unapitisha maji ya chumvi unaikamua. Wenyewe wanaiita hivyohivyo, kukamua, na sisi Wagogo hatuhitaji kufundishwa kwamba ng'ombe ukikaa naye unakamua kila siku, ukisubiri maziwa ya kuletwa na gari yanafika yameganda. Teknishiamu yenyewe inakaa masaa 6 kabla ya kupungua nusu, mgonjwa akichelewa daladala ya Chamwino bado anapimwa. Mashine yake ni kamera ya gamma iliyounganishwa na CT, wazo lililoanza kufanyiwa kazi na Bruce Hasegawa na wenzake San Francisco tangu miaka ya 1990 inaanza. Haioni vidoa vidogo kama PET, kwa sababu ina chujio la risasi linalopitisha takriban fotoni moja tu kati ya 10,000. Lakini inaona mifupa yote, tezi la shingo, na figo inavyofanya kazi, na Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma inapandikiza figo tangu 2018, figo iliyopandikizwa ni lazima ifuatiliwe. Ugomvi wake na CT ni uleule wa kitanda na pumzi, ule ambao tumeshajua kuusuluhisha.

Ndo maana nasema tuanze hapo, PET/CT ifuate siku dawa itakapokuwa inatengenezwa karibu, na PET/MRI ikae mbali kwa sasa. Ukanda wetu una vumbi, kuanzia mwezi wa nane upepo wa huku unajulikana, nimewahi kufungua mashine ya kupoza maji ya MRI juu ya paa nikakuta mapezi yake yamejaa udongo mwekundu kama tofali, na umeme ukikatika sumaku inaanza kupoteza heliamu. Mashine ya kuungana ikizima upande mmoja umepoteza pande zote mbili, hiyo watu hawaihesabu wakati wa kusaini. Mimi kwenye mkataba nataka kuona mtu wa fizikia tiba mwenye mshahara wake, anayeingia asubuhi kabla ya wagonjwa, anaweka chupa ya majaribio kitandani, anapiga picha zote mbili na kuhakikisha zimekaa juu ya nyingine, milimita kwa milimita, na anayo mamlaka ya kusema leo hatupimi mpaka irekebishwe.

Mama mkubwa nilimweleza haya yote, akanisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Hiyo ya gamma ikija, kubana pumzi kupo?" Nikamwambia mama, hiyo unapumua tu taratibu, na CT yake nayo unapumua hivyohivyo.